Ukuta Wenye Joto

Ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa na joto. Fundi umeme, mwanamke wa makamo ambaye wateja walimwita Mama Nyaya, aliubandika kiganja akitafuta pa kupitisha waya, akakiondoa upesi kama aliyegusa paji la mgonjwa. Ukuta ule haukuwahi kuonana na jua.

"Umeitwa kufunga nyaya au kupapasa kuta?" mwenye nyumba akauliza mlangoni.

Alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, mtu wa kumtazama mwenzake kuanzia viatuni na kuishia hapohapo. Nyumba ilikuwa ya urithi, kongwe, milango minene, korido ndefu. Aliikarabati ili mama yake mzazi, ambaye miguu ilikwisha kumtupa mkono, ahamie chumba hicho.

"Kwa nyumba kama hii, mzee," fundi alimweleza, "chukua ving'ora vya moshi vinavyounganishwa kwa waya. Kimoja kikishtuka sebuleni, vyote vinalia, na mama huku nyuma anasikia. Jikoni tuweke cha joto. Cha moshi kitapiga kelele kila vitunguu vikiungua, mwisho mtakitoa betri."

Mkaguzi akacheka kwa pua. "Nimekagua majengo kabla hujajua kushika bisibisi." Akamtupia mfuko wa vidude vya moshi alivyojichagulia, kila kimoja na betri yake, kwa sababu eti haviharibu sura ya dari. Na kile kimoja cha joto alichokuja nacho fundi? "Kitundike popote, mradi si jikoni kwangu."

Mama Nyaya akakitundika chumba cha nyuma, karibu na cha moshi. Kubishana na debe tupu ni kujitafutia uziwi.

Wiki mbili baadaye simu ikalia. "Kidude chako kibovu kama wewe. Njoo ukitoe."

Alifika adhuhuri, akaukuta mlio ukipasua nyumba. Mke wa mkaguzi alisimama koridoni ameziba pua. Palinuka nywele zilizoungua, lakini moshi haukuwepo, hata wa njiti ya kiberiti. Kitandani, mama mtu akamshika fundi mkono.

"Mwanangu," akanong'ona, "kuna anayekaa ndani ya ukuta huo. Mchana hutoka akajinyoosha pale darini. Naona hewa inavyotetemeka."

"Uzee huo," mkaguzi akasema. "Moto bila moshi? Umeusoma shule gani?"

"Chuo cha Kurani nilikupeleka, ukatoroka," mama akamjibu taratibu bila kumtazama. "Hukufika pale wanapofundisha majini wameumbwa kwa moto gani."

Mama Nyaya akapanda ngazi, na kila kidato joto lilizidi kumpanda mwilini, likamkausha mate, likamsokota nyusi, na alipofika juu akakiona king'ora cha joto kimelainika kama mshumaa, kinadondosha matone meupe sakafuni huku bado kinalia, ilhali kile cha moshi alichokichagua mkaguzi, shubiri moja tu pembeni, kimetulia tuli, kitaa chake cha kijani kikipepesa kwa amani kana kwamba hakuna chochote chini ya mbingu kinachokihusu. Ndipo mlio ukakatika, kimya kikashuka kizito hata akasikia damu yake masikioni, na ndani ya kimya hicho, nyuma ya plasta mbichi, kitu kikacheka kwa pua, vilevile anavyocheka mkaguzi, kikauliza:

"Huyu ndiye mwenye nyumba? Huyu?"

Fundi hakukumbuka alivyoshuka. Yeye na mke wa mkaguzi wakambeba mama pamoja na godoro lake, wakatoka naye hadi barabarani.

"Tokeni tu, waoga!" mkaguzi akawapigia kelele. "Mimi sifukuzwi na ukuta!"

Mganga aliletwa. Akaishia getini, akanusa hewa, akageuka. "Hapo hapafukuzwi mtu," alimwambia mke. "Mumeo amekwisha kukubaliwa kazini."

Siku ya tatu mke akamwomba Mama Nyaya akakate umeme, nyumba isije ikateketea. Aliingia saa nne asubuhi, jua limejaa koridoni. Chumba cha nyuma kilikuwa wazi. Mkaguzi alipiga magoti mbele ya ukuta, hana kope wala nyusi, midomo imepasuka, akiupepea ukuta kwa kipande cha boksi. Hakumwona fundi. Aliinamisha kichwa kama mtoto aliyechelewa darasani.

"Shikamoo," akasema. Kimya. "Shikamoo." Kimya. Akameza mate yasiyokuwepo, akapepea kwa nguvu zaidi. "Shikamoo, bwana wangu."

Ukuta ulimngojesha. Kisha, kwa uchovu wa mtu anayesumbuliwa na inzi, ukajibu:

"Marahaba."

Mkaguzi akageuza kichwa, akamwona fundi, akatabasamu machozi yakimtoka. "Umesikia?" akanong'ona. "Leo kaniitikia."