Lin Shunfa Ataje Anapokaa

Mvua ya Keelung, mji wa bandari wa Taiwan, haipigi hodi. Ilimkuta Peishan katikati ya soko la hekaluni, gauni lake la maua likamganda magotini, akakimbilia chini ya turubai la muuza supu. Aliyekuwa amejibanza hapo kabla yake, bakuli mkononi, alikuwa Shunfa.

"Umenenepa," Shunfa akasema.

"Na wewe umeungua kama mkia wa samaki. Melini hakuna kivuli?"

Muuza supu, Bi Liao, ambaye alichosikia asubuhi gati zima hukijua mchana, akapunguza moto ili asikie vizuri.

Soko lote lilijua walivyokosana. Mwaka jana waliingia hekaluni pamoja kumshukuru Mazu, mungu wa kike anayewachunga mabaharia. Ukisali pale unataja jina lako na unapokaa, baraka zisije zikapotea njiani. Shunfa akataja jina la meli, na chumba chake cha chini karibu na injini. Peishan, aliyemfulia, akampikia, akampa na ufunguo wa nyumba, alikuwa kando yake, anasikia. Aliondoka udi wake haujafika nusu. Kwenye simu alimwambia asimpigie tena; mwanamume ambaye hata mbele ya mungu anakaa melini, yeye hamuwezi.

Sasa Shunfa alikuwa na siku hii tu nchi kavu. Mkataba umekwisha, akaeleza, na nahodha anataka jibu kabla ya jioni: aweke sahihi tena, au ashuke. Kazi ipo kwenye boti za kuvuta meli, hapahapa bandarini.

"Sasa mimi unaniambia ili nifanyeje?"

"Nisindikize hekaluni. Basi."

"Nenda, mwanangu," akasema Bi Liao, ambaye hakuulizwa.

Wakapenya kati ya pweza wa kuchoma na miavuli ya watu. Shunfa akamnunulia kababu za samaki na matango ya siki, kama zamani. Peishan akazila zote, ila mkono hakumpa. Simu ya Shunfa ikalia, akaikata.

Hekaluni moshi uliwawasha macho. Shunfa akapiga magoti, akainua vijiti vya udi hadi kwenye paji la uso. Peishan akajifanya anatazama taa nyekundu.

"Mimi Lin Shunfa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini, hata waliokuwa wakisali wakageuka. "Nakaa kichochoro cha washona viatu, ghorofa ya tatu, juu ya fundi miavuli."

Hapo ndipo alipopajua kuwa ni kwa Peishan.

Peishan akaziacha taa, akamgeukia. "Umekosea," akasema.

Uso wa Shunfa ukashuka. Jivu likamdondokea mkononi, hakulipangusa. "Basi nimechelewa," akasema, akaanza kuinuka. "Ngoja niiwahi meli."

"Rudi chini, wewe. Nilihama tangu Mwaka Mpya. Unataka Mazu akagonge milango ya watu?"

Akapiga magoti kando yake, gauni bichi vilevile, akamnyang'anya nusu ya vijiti. "Mama, msamehe huyu, alikuwa safarini," akamwambia Mazu. Akataja mtaa wa nyuma ya soko la samaki, mlango wa kijani, ghorofa ya pili. Kisha akataja wanaokaa humo: "Chen Peishan," akavuta pumzi, "na Lin Shunfa."

Simu ikalia tena. Shunfa akamtazama.

"Pokea, mpenzi," Peishan akasema. "Mwambie nahodha akushushie begi. Na ukimwelekeza pa kulileta, usikosee tena."