Vipimo vya Chiriku

Kila siku masomo yalipokwisha, wanafunzi wa klabu ya sayansi waliburuta viti hadi kwenye meza ndefu ya nyuma, wakagawana rula na picha zilizoletwa kutoka chuo kikuu. Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa kusema bila kituo, alikaa na rafiki yake Taratibu, ambaye hata kuchonga penseli kulimchukua dakika nzima.

Picha zilikuwa nyeusi, zimejaa mistari myembamba myeupe. Siku ya kwanza, mwalimu wao wa sayansi alieleza.

"Hizi ni nyayo za chembe ndogo kuliko atomu. Chembe yenye chaji ya umeme huacha mstari inapopita. Lakini ipo chembe nyingine iitwayo mesoni, isiyo na chaji, na hiyo haiachi alama yoyote. Inazaliwa, inakwenda kidogo, halafu inaoza."

Chiriku akajiziba pua. "Inanuka, Mwalimu?"

Darasa likaangua kicheko. Hata mwalimu alicheka.

"Hainuki, wewe! Kuoza huku ni kugeuka. Inatoweka, na palepale zinatokea chembe mbili, moja ya chaji chanya, nyingine hasi. Hizo ndizo zinazochora mistari miwili kama herufi V. Pimeni kutoka ilipozaliwa, pale mistari mingine inapoanzia, mpaka kwenye ncha ya V. Vipimo vikiwa vingi, chuo kitaweza kukadiria mesoni hiyo huishi muda gani."

Kila picha ilipimwa na watu wawili, bila kuchunguliana.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha. Wiki ya pili, Chiriku alipofika picha ya arobaini kati ya mia, macho yalimuuma, na nje wenzake walikuwa wakicheza mpira. Akatazama huku na huku. Kisha akaandika kutoka kichwani: milimita kumi na mbili, kumi na moja, kumi na tatu. Robo saa tu, picha sitini zikawa zimekwisha. Akatoka mbio.

Ijumaa mwalimu alilinganisha karatasi zao.

"Picha arobaini za kwanza mmepatana. Baada ya hapo, kila mtu na lake. Nani hakupima vizuri?"

Chiriku, ambaye hakosi la kusema, aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu. Taratibu akainua mkono polepole.

"Labda ni mimi, Mwalimu. Huenda macho yangu hayaoni vizuri."

"Basi rudia. Karatasi zinaondoka Jumatano. Zisipopatana, zenu hazitapelekwa."

Jumatatu Taratibu hakutoka mapumziko. Alipima, akafuta, akapima tena, mpaka karatasi ikatoboka.

"Napata yale yale," alimnong'oneza Chiriku, macho yamemwiva. "Tatu, mbili, tano, halafu ghafla ishirini na moja. Wewe uliwezaje? Nionyeshe."

"Utazoea tu," Chiriku alijibu, na papo hapo akaichukia sauti yake mwenyewe.

Jioni hiyo Chiriku aliusukuma wali wake huku na huku kwenye sahani. Mama yake alifanya kazi katika maabara ya zahanati, akihesabu vijidudu vya malaria kwenye damu kwa hadubini.

"Mama, ukichoka kuhesabu unafanyaje?"

"Naacha. Naandika nilipofikia, nakwenda kunawa uso."

"Na ukikisia?"

Mama akaweka kijiko chini. "Nikikisia, kuna mtu atakunywa dawa isiyo yake. Kuna nini, mwanangu?"

Chiriku akasema yote, huku machozi yakimtiririka. Mama hakumfokea. Alisema tu, "Kesho, kabla ya kengele, nenda kwa mwalimu. Na mwenzako awepo."

Asubuhi Chiriku alisimama mbele yao wawili. "Nilibuni," alisema. "Picha zote sitini. Taratibu hakukosea hata moja."

Taratibu alimgeukia. "Nilimwambia baba naanza kuwa kipofu," alisema. Akachukua rula yake, akaenda kukaa kiti cha mbali.

Mwalimu alizitandaza karatasi. "Tazama. Namba zako zimejikusanya katikati. Mesoni hazifanyi hivyo. Nyingi huoza karibu, chache hufika mbali, kama vipimo vya mwenzako vinavyoonyesha. Hata mimi nina kosa. Nilipaswa kuliona hili Ijumaa."

Jumanne na Jumatano Chiriku alipima upya, picha moja baada ya nyingine. Palipomshinda aliandika, "Sikuiona V." Walipatana picha hamsini na sita. Zile nne zilizobaki mwalimu aliziandikia maelezo, akafunga bahasha na kuipeleka.

Taratibu alikuwa bado hajasema naye. Mwalimu alimwita Chiriku kando.

"Picha zinaweza kurudiwa," alisema. "Lakini rafiki yako alikaa siku nne akiamini macho yake yanamdanganya, na wewe ulikuwa unajua. Uongo haukai kwenye karatasi tu, unaingia kwa mtu. Ukichoka, sema umechoka. Hakuna atakayekucheka."

"Nimeelewa, Mwalimu. Na Taratibu je?"

"Huyo hapimwi kwa rula. Nenda kamwombe msamaha, na umpe muda."