Kifutio cha Tepu

Siku hizi fundi anafungua duka saa tatu, tena akipenda. Zamani, saa moja asubuhi cherehani zilikuwa zimeshaanza kulia. Yeye alikaa kwenye cherehani ya dirishani. Mkewe alikaa kwenye ile ya ukutani, akikunja pindo na kutia vifungo. Katikati palikuwa na meza ya kukatia nguo, ndefu, imejaa alama za chaki. Mwisho wa meza hiyo, kwenye stuli ndefu, alikaa Tepu na madaftari yake.

Tepu ni binti yao wa pekee. Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini nyumbani hakuna aliyelitumia. Alipokuwa mdogo hakulala mpaka avalishwe shingoni tepu ya kupimia, kama baba yake. Basi jina likamganda. Fundi akikumbuka hilo, hucheka peke yake mpaka mteja anamtazama.

Msichana yule alikuwa na kichwa. Akiwa na miaka sita alimwambia mteja mmoja mnene, "Kwa kitambaa hiki, mjomba, utapata shati la mkono mmoja." Mteja akanuna. Fundi akapima kitambaa mara mbili. Kweli, mkono wa pili haukutoka.

Alipofika sekondari, hesabu za darasani zilikuwa kama mchezo kwake. Mwalimu hajamaliza kuandika ubaoni, Tepu ameshafunga daftari. Kisha anaanza kupiga miayo na kuwasumbua wenzake. Shule ikaona bora imwandikishe kwenye kozi ya hisabati ya Jumamosi. Kozi hiyo ilikuwa ya wanafunzi wachache, wale ambao hesabu za kawaida zimekuwa nyepesi mno kwao.

Fundi alivimba kwa furaha. Kila mteja aliyeingia alisikia habari hiyo, apende asipende.

"Huyu wangu ni kichwa," alisema, huku akimpima mtu kiuno. "Hajawahi kukosa hata hesabu moja."

Tepu alikuwa pale pale kwenye stuli. Alisikia kila neno.

Sasa, duka lile lilikuwa na sheria moja. Kazi mbovu haionekani. Mshono ukipinda, unafumuliwa kabla mtu hajaingia. Kitambaa kikikatwa vibaya, kinafichwa haraka kwenye gunia la vipande. Mteja anaona nguo iliyokwisha, imepigwa pasi, inaning'inia. Fundi alijivunia sheria hiyo, na Tepu alikua nayo. Ndiyo maana alikuwa na kifutio kikubwa cheupe, alichonunuliwa na baba yake. Akikosea hata tarakimu moja, alifuta ukurasa mzima na kuanza upya. Daftari lake lilikuwa safi kuliko la mwanafunzi yeyote.

Jumamosi ya kwanza alirudi kimya. Ya pili, kimya zaidi. Baada ya ile ya tatu hakula vizuri. Alhamisi iliyofuata, baada ya shule, alisimama mbele ya cherehani ya baba yake.

"Baba, keshokutwa siendi kozi."

Fundi akatoa mguu kwenye pedali. "Unaumwa?"

"Siumwi. Ni mjinga tu."

"Nani kakwambia hivyo?"

"Hakuna. Nimejiona mwenyewe. Wametupa swali moja tu, Baba. Moja! Wiki tatu sijalipata. Kila Jumamosi napeleka karatasi tupu."

Mama akaacha sindano. Fundi alimtazama binti yake, akaona machozi yanakaribia. Alitaka kumsaidia. Akasema jambo aliloamini kuwa ni la huruma.

"Basi, mwanangu, kama limekushinda, liache. Afadhali usitoe kazi kuliko kutoa kazi mbovu."

Tepu akanywea. Akaenda kukaa kwenye stuli, akaanza kuviringisha kifutio mkononi. Mama alimkata mumewe jicho, lakini kabla hajasema neno, sauti ikasikika mlangoni.

"Hodi hapa!"

"Karibu, karibu ndani."

Aliyeingia alikuwa mwanamke mwembamba, amebeba mkoba uliojaa karatasi mpaka zipu haifungi. Tepu akaruka kutoka kwenye stuli.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti."

Alikuwa mwalimu wa kozi ya Jumamosi. Fundi akamfutia kiti vumbi la chaki. Akaanza kumwomba radhi kwamba binti hataweza kuendelea, kumbe kozi ni nzito kuliko walivyodhani.

"Hilo ndilo lililonileta," alisema mwalimu. Akatoa karatasi tatu mkobani na kuziweka juu ya meza. Zote zilikuwa tupu, lakini zilikuwa nyembamba kwa kufutwa. Moja ilikuwa imetoboka. "Jumamosi hii nachagua wa kuendelea mpaka mwisho wa mwaka. Siwezi kumchagua mtu ambaye sijaona kazi yake."

"Lakini hajapata jibu," alisema fundi.

"Sikuomba jibu peke yake. Naomba nione alivyojaribu."

"Hata makosa?"

"Hasa makosa, fundi. Hebu niambie, unadhani kozi yetu ni ya nini?"

Fundi akakuna kichwa. "Kuwamalizisha vitabu haraka. Wawatangulie wenzao."

Mwalimu akatabasamu. "Wazazi wengi wanadhani hivyo. Hapana. Huyu tayari ana haraka ya kutosha. Tangu aanze shule hajawahi kukwama. Siku akikwama atajiona mjinga, na ataacha hisabati kabisa. Nimeona watoto wengi wenye akili wakiishia hivyo. Kwa hiyo sisi tunawapa maswali machache, magumu, ili wazoee kukwama wakiwa mikononi mwetu. Kukwama wiki tatu si aibu. Hiyo ndiyo kozi yenyewe."

"Sisi nyumbani tufanye nini?" aliuliza Mama. "Hesabu zenyewe hatuzijui."

"Hamhitaji kuzijua, mama. Kwanza, msimwambie kila saa kwamba ni kichwa. Ataogopa kukosea, asije akawaangusha. Msifuni kwa kuhangaika. Pili, msimuulize, 'Umepata?' Muulizeni, 'Umejaribu njia gani?' Tatu, kosa asilifute. Alipige mstari mmoja, libaki linasomeka."

Alipokuwa anaondoka aligeuka mlangoni. "Fundi, shati lako la kwanza lilikuwaje?"

"Lilikuwa zuri tu," alijibu fundi haraka.

Mama akakohoa.

Mwalimu alipokwenda, fundi alijaribu kurudi kazini. Hakuweza. Aliweka mguu kwenye pedali, akautoa. Moyoni mwake alikuwa anamwona shangazi yake, yule aliyemfundisha ushonaji. Alikuwa amefariki miaka mingi iliyopita. Fundi aliona chumba chake cha uani, akasikia harufu ya mafuta ya cherehani na pasi ya mkaa. Aliona ukuta wa chumba kile, na msumari mmoja mkubwa uliopigiliwa katikati.

Aliingia chumba cha nyuma. Tepu na mama yake walisikia anasogeza masanduku, anapiga chafya. Alirudi na mzigo wa karatasi za mifuko ya saruji, umeviringishwa na kufungwa kwa utepe. Akaufungua juu ya meza ya kukatia.

"Mwanangu, njoo."

Zilikuwa karatasi zilizokatwa kwa umbo la mashati. Kila moja ilikuwa na tundu la msumari juu. Shati la kwanza lilikuwa na mikono miwili ya kushoto. La pili, shingo yake ingemtosha ng'ombe. La tatu halikuwa na mahali pa kutolea kichwa kabisa.

Tepu alitazama, akatazama tena. "Hizi za nani?"

"Zangu."

"Zako wewe?"

"Zangu mimi. Shangazi hakuniruhusu kuchana hata moja. Nikikosea, ananiambia, 'Tundika msumarini, kesho uitazame.' Kila asubuhi nilianza kazi kwa kutazama makosa ya jana. Nilikuwa naona haya, we acha tu! Lakini ndivyo nilivyojifunza." Akazinyoosha karatasi kwa kiganja. "Nilipopata duka langu nikaanza kujifanya sijawahi kukosea. Nikakufundisha na wewe hivyo. Nimekukosea, mwanangu. Na shangazi nimemkosea."

Tepu alichukua lile shati lisilo na shingo, akajaribu kulivaa. Karatasi ikamkwama usoni. Akaanza kucheka chini yake. Mama akacheka mpaka akaegemea cherehani. Fundi naye akacheka, huku anajifuta macho kwa tepu.

Kisha akachukua nyundo, akapigilia msumari ukutani, juu ya stuli.

"Haya. Hilo swali linasemaje?"

Swali lilikuwa hivi: kuna nukta tisa. Kila mstari unaunganisha nukta mbili. Je, unaweza kuchora mistari ili kila nukta iwe na mistari mitatu, isizidi wala isipungue?

Tepu alimwaga vifungo tisa kutoka kwenye kopo la mama yake. Kwake viliwakilisha nukta. Alivipanga, akaviunganisha kwa vipande vya uzi, kisha akachora alichokiona. Safari hii kifutio kilikaa mbali. Kila alipokwama alipiga mstari mmoja, akaitundika karatasi msumarini. Alhamisi alitundika mbili. Ijumaa baada ya shule, tatu.

"Umejaribu njia gani?" aliuliza fundi, akijifunza kulisema swali hilo.

"Nimeanza na kifungo cha katikati. Halafu nimeanza na vya pembeni. Vyote vinakataa."

"Ziteremshe basi, uzitazame pamoja."

Tepu alizipanga karatasi tano mezani, kama baba yake anavyopanga vipande vya nguo kabla ya kushona. Alizipitia moja moja kwa kidole. Cherehani zote mbili zilinyamaza.

"Baba," alisema polepole. "Hapa kifungo kimoja kimebaki na nyuzi mbili. Na hapa, kimoja. Na hapa. Karatasi zote tano, kimoja kinakosa uzi!"

"Labda ni bahati mbaya."

"Mara tano?" Alishika kipande cha uzi, akakivuta kati ya vidole. Akatazama ncha moja, akatazama ya pili. Macho yakamtoka. "Mama! Kila uzi una ncha mbili! Vifungo tisa, kila kimoja kinataka ncha tatu. Tisa mara tatu, ishirini na saba. Lakini ncha zinakuja mbili mbili. Mbili, nne, sita, nane… Haziwezi kufika ishirini na saba kamwe! Lazima zipungue au zizidi!"

"Kwa hiyo?" aliuliza Mama.

"Kwa hiyo haiwezekani! Ndilo jibu lenyewe, haiwezekani! Na najua kwa nini!" Alikuwa anarukaruka, vifungo vinadondoka sakafuni. Ghafla akasimama. "Wiki tatu nilikuwa naliona kila siku. Nikalifuta kila siku."

Fundi alimshika begani, akaminya.

Jumamosi Tepu alipeleka karatasi sita. Tano zilikuwa na mistari ya makosa na tundu la msumari juu. Ya sita ilikuwa na jibu. Mwalimu alizisoma zote, kisha akasema kwamba ile ya tatu, yenye makosa, ndiyo iliyomfurahisha zaidi. Tepu alichaguliwa kuendelea. Si kwamba tangu hapo alipata kila swali. Yapo yaliyomchukua miezi. Yapo aliyoyahamisha kutoka daftari hadi daftari bila kuyamaliza, na hakulia tena. Darasani aliacha kuwasumbua wenzake, akaanza kuwauliza, "Umejaribu njia gani?"

Sasa yuko chuo kikuu, mbali, anasoma hisabati. Siku ya kuondoka, fundi alimsaidia kufunga sanduku. Tepu alikunja kwa uangalifu lile shati la karatasi lisilo na shingo, akaliweka juu ya nguo zake.

"Umesahau kifutio," fundi alimwambia.

"Sijasahau, Baba."

Stuli iko pale pale, na msumari juu yake. Fundi anaikumbuka sauti ya vifungo vikidondoka sakafuni, na mchana mwingine anaacha kazi kabisa, anatazama tu. Wateja wakiingia wanaona kola aliyoishona mwenyewe ikapinda, imetundikwa msumarini, wanamcheka, naye anawaacha wacheke. Kifutio cheupe bado kiko mwisho wa meza ya kukatia. Kila akifuta vumbi la chaki anakinyanyua, anakitazama, anakirudisha. Hakijapungua hata kidogo tangu Alhamisi ile.