Mtutu wa Darini

Magharibi ilimkuta Devota jikoni, pale Nyololo, ukungu umeshafika mlangoni. Alitaka moto tu. Goodness, mwanawe ambaye hata kukaa alikuwa hajajua, alikuwa anakohoa mgongoni mwake, na mwili umeanza kupoa.

Kuni mbichi. Bomba la kupulizia halionekani.

Akanyoosha mkono darini, akashusha mtutu.

Ulikuwa wa bunduki ya Mjerumani. Babu mmoja wa ukoo wa mumewe aliitwaa vitani, zama zile Wahehe walipopambana na Wajerumani, mikononi mwa askari aliyekuwa anakata roho. Kitako cha mbao kiliisha kwa mchwa. Kikabaki chuma kilicho wazi pande zote mbili. Kila mwaka mama mkwe wake, bibi Juliana, aliupaka mafuta ya nyonyo. Mwiko ulikuwa mmoja: usiutie mdomo.

"Bomba ni bomba," Devota alizoea kumtania. "Lingekuwa na maana, mama, lingetuletea kuni kavu."

"Cheka tu, mwanangu. Meno ni yako."

Akapuliza.

Moto ukashika papo hapo. Harufu ya baruti ikajaa jikoni...

Goodness akaacha kukohoa.

Afadhali, Devota akajisemea. Kisha akakisikia kikohozi kile kile, chembamba... kinatoka ndani ya mtutu.

Kho. Kho.

Akamfungua mtoto mgongoni. Midomo imegeuka bluu. Kifua kimya.

"Mama!"

Bibi Juliana akaja akishika ukuta. Alipouona mtutu, akaelewa.

"Yule askari alikufa anatafuta pumzi," alinong'ona. "Anachukua ya mdogo wa nyumba. Ivute irudi. Vuta!"

Devota akatia mdomo kwenye chuma, akavuta. Majivu. Ladha ya damu. Akavuta hadi mbavu zikauma, akampulizia mtoto kinywani.

Goodness akalia.

Devota akaketi chini. Mama mkwe hakufurahi.

"Mle mlikuwa na pumzi mbili," alisema polepole. "Umevuta ipi?"

"Mtoto amepona, mama. Basi."

Akampakata karibu na moto. Hakohoi tena. Halii tena. Pumzi yake inanuka baruti. Ameukazia macho mlango, kule kwenye ukungu, kama anayemngoja mtu...

Kisha, taratibu, akafumba jicho la kushoto, la kulia likabaki linalenga.