Aliyelazwa Kufuata Ukuta

Shaweji alikutwa amekufa, lakini hakukutwa ametupwa. Hilo ndilo lililomsumbua Inspekta Zuleica tangu alipokanyaga kizingiti cha ofisi ya kamati ya kijiji asubuhi ile.

Maiti ilikuwa chali sakafuni, miguu imenyooshwa, macho yamefumbwa. Kidevu kilifungwa kwa kitambaa hadi utosini, na vidole gumba vya miguu viliunganishwa kwa uzi. Juu ya tumbo palikuwa na kufuli zito la chuma. Meza na viti vilisukumwa kando ili mwili ulale mshazari, uso umegeuzwa upande mmoja.

"Kisogo kimepasuka," alisema daktari wa polisi kutoka mji wa Palma. "Aliangukia ukingo wa ngazi ya mlangoni, kisha akaburutwa ndani. Damu imeoshwa, lakini saruji haioshwi ikatakata."

"Aliteleza?"

"Ana mchubuko kifuani. Alisukumwa. Baada ya isha, nadhani."

Zuleica akafungua dira kwenye simu yake, akaiweka karibu na kichwa cha marehemu. Mama yake alikuwa mtu wa Quionga, na tangu utotoni alijua kwamba pwani hii husali kuelekea kaskazini. Uso wa Shaweji ulielekea kaskazini mashariki. Aliyemlaza alikuwa na adabu zote za msiba, ila kibla hakijui. Ajabu hiyo.

Nje watu walikuwa wamejaa. Wote walikuwa watu wa baharini, na bahari hawakuwa nayo. Miaka tisa tangu gesi igunduliwe, kampuni ilikuwa imewahamisha kutoka ufukweni na kuwajengea Namwedi Mpya, nyumba za matofali zilizopangwa mistari, mwendo wa nusu siku kutoka majini, na katikati ukapita uzio. Benki ya nje iliyoikopesha kampuni ilitoa masharti: wajengewe msikiti, shule, na njia ya kushukia pwani. Wageni wa benki walikuwa wanakuja siku hiyohiyo kukagua.

"Mtoeni Lázaro!" umati ulipiga kelele. "Mtoeni!"

Lázaro, afisa wa kampuni wa kushughulika na wanakijiji, alikuwa amefungiwa kwenye stoo ya ofisi. Konstebo Tuaibo alisimama mlangoni, jasho likimtoka. Hakuna aliyejua kama anamzuia mtuhumiwa asitoke au watu wasiingie.

Zuleica aliingia, akaketi juu ya gunia.

"Jana uligombana na Shaweji."

"Kila mtu alisikia, chefe," alijibu, akimwita mkubwa kwa Kireno. "Alitaka kuwapa wageni jalada lake la buluu. Nikamwambia lipitie kwetu kwanza."

"Lina nini?"

"Picha za lango lililofungwa. Na majina ya watu mia mbili, kila mmoja na dole gumba lake. Wanasema njia ya pwani haipo."

"Ipo?"

Lázaro alitazama viatu vyake. "Haipo."

"Jalada liko wapi?"

"Sijui. Naapa kwa Bikira."

"Waislamu wanasali kuelekea wapi?"

Kijana akashangaa, kisha akanyoosha mkono kwenye kidirisha, ng'ambo ya uwanja. "Si kule unakoelekea ukuta wa msikiti?"

Mkono ulielekea kaskazini mashariki. Kulekule ulikoelekea uso wa marehemu.

"Na maiti huwekewa nini tumboni?"

Lázaro alimtazama kama mtu aliyepungukiwa akili. "Sijui, chefe. Maua?"

Hata katika shida ile, Zuleica nusura acheke. Chuma huwekwa ili tumbo lisifure. Bibi yake aliwahi kumtuma kisu kwa kazi hiyo. Maua!

Simu ikalia. Alikuwa mkuu wake.

"Wageni watafika saa tisa. Saa nane nataka jina."

"Jina lolote, mkuu?"

"Usinichezee. Unaye mtu ndani, na una kijiji kizima cha mashahidi. Mlete."

Akikaidi, kazi hana. Akimtoa Lázaro, umati utamrarua kabla hajafika garini. Mlango ulikuwa mmoja tu, na nyuma yake palikuwa na ukuta. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Akapita kwa mlango huo akiwa peke yake, akaenda nyumbani kwa marehemu. Mwanawetu, mjane, alikuwa ameketi kwenye mkeka, shuka jeupe limemfunika hadi kwenye nyusi.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu. Kazi ya Mungu haina makosa. Ya binadamu ndiyo inayonichoma."

"Nani walijua habari za jalada?"

"Wote tuliotia dole."

"Nani hakutia?"

Mwanawetu alilivuta shuka lake. "Mzee Abudo, mwenyekiti wetu. Alisema hawezi kuweka dole juu ya saini yake mwenyewe. Lakini usimwangalie kwa jicho baya. Baba mkwe alipokufa, yeye ndiye aliyemlea mume wangu. Alimfundisha kumtoa pweza mwambani, na jandoni alimpeleka yeye. Asubuhi hii amelia hapa mpaka tukamshika."

Adhana ya adhuhuri iliita. Umati ulipungua, wanaume walikwenda kutawadha. Zuleica alivuka uwanja na kusimama mbali kidogo na mlango wa msikiti, ule msikiti mpya uliopigwa picha nyingi kuliko bibi harusi.

Alichokiona ndani kilimfanya asahau joto.

Safu zote zilikaa upande. Mikeka ilikatiza sakafu mshazari, na watu walisimama mabega yao yakilenga pembe ya ukumbi, si ukuta wa mbele. Mtu mmoja tu, mwishoni kabisa, alisimama peke yake kwenye mkeka wake, amenyooka kuukabili ukuta.

"Tuaibo," alinong'ona alipomrudia konstebo, "mbona wanasali kiupande?"

"Aliyechora ramani alifuata barabara, chefe, hakufuata kibla. Wiki ya kwanza tu imamu akatandika mikeka upya. Hata watoto wanajua hapa."

"Na yule wa mwisho?"

"Mzee Abudo. Ndiye aliyetia saini kuupokea msikiti, kwamba hauna kasoro. Tangu siku ile hageuki. Tunasema ni kiburi cha uzee."

Zuleica alisubiri sala iishe, na sunna iishe. Mzee alipotoka na mkeka wake kwapani, alimkuta kwenye baraza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Jana baada ya isha ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

"Na Mola wangu."

"Mola wako hatampa polisi maelezo, mzee. Nisaidie wewe." Zuleica aliteremsha sauti. "Shaweji alilazwa na mtu anayezijua haki za maiti. Lázaro hazijui, nimemuuliza. Na alilazwa kufuata ukuta wa msikiti huu. Kijiji kizima hakiufuati ukuta huu. Kuna mmoja tu."

Tasbihi ilisimama vidoleni mwa mzee. Kisha akaukunjua mkeka taratibu, na ndani yake lilikuwemo jalada la buluu.

"Nilishika kiberiti mara tatu," alisema. "Nikalifungua kwanza, niwajue walionikana. Dole la mke wangu limo. Sikujua. Nikashindwa kulichoma."

"Kwa nini, mzee?"

"Lázaro aliniletea karatasi. Imeandikwa njia imejengwa, watu wanashuka pwani. Nikasema haijajengwa. Akasema, mzee, benki haifungui mkono mpaka ione saini. Wewe tia, ndani ya mwezi mtaiona njia. Nikatia. Mwezi ukapita, mwaka ukapita. Kila nikienda kwao kuidai njia, wananionyesha saini yangu. Mzee, wewe mwenyewe ulisema ipo!" Alijipiga kifuani. "Nikisema kweli, mimi mwongo. Nikinyamaza, wajukuu zangu wanakua hawajui kuogelea. Nimejifungia mlango kwa mkono wangu, binti yangu."

"Na Shaweji?"

"Nilimfuata ofisini. Nikamwomba siku moja tu, niwaambie wageni kwa kinywa changu. Akasema, baba, siku zako ulizitia saini zote. Nikamsukuma. Kidogo tu, kama unavyomsukuma mwanao." Machozi yalimtiririka ndevuni. "Nilimfunga kidevu. Nilimwekea chuma. Ningemwachaje hivi hivi?"

"Kibla halisi unakijua."

"Nakijua tangu kabla mama yako hajazaliwa."

"Basi mbona hukumgeuza?"

Mzee alimkabidhi jalada. "Mtu akishatia saini, atageukia wapi tena?"

Zuleica alirudi stoo, akafungua mlango. "Kuua hukuua," alimwambia Lázaro. "Lakini karatasi uliileta wewe. Utaandika maelezo, neno kwa neno." Lázaro aliketi chini palepale, akafunika uso.

Gari jeupe la wageni liliingia uwanjani kabla ya wakati wake. Akashuka mwanamke mwembamba mwenye kofia pana. Jina lake Inês, alisema kwa Kireno. Ametumwa na benki, angependa kumwona mwenyekiti.

Simu ya mkuu ilianza kulia. Zuleica aliiacha ilie. Jalada sasa lilikuwa kidhibiti, litatiwa lakiri na kufungiwa mjini Pemba, makao makuu ya mkoa, na nani ajuaye litatoka mwaka gani. Akamshika mzee kiwiko, mzee akiwa tayari amefungwa pingu.

"Uliomba siku moja, mzee. Mimi nina dakika tano."

Abudo alisimama mbele ya Inês. Umati ulisogea karibu. Tuaibo alitafsiri kwa Kireno.

"Njia ya pwani haipo," alisema mzee. "Saini ni yangu. Mwanangu mmoja amekufa kwa sababu yake, na mimi ndiye niliyemuua."

Inês alifungua makaratasi yake, akatafuta ukurasa, akaiona saini. Kalamu ilibaki hewani.

Kutoka nyumba ya msiba kilio kimoja kilipasuka, kisha vingine. Hakuna aliyepiga kelele za mtoeni tena.

Mlangoni mwa gari la polisi, mzee alikataa kuingia kwanza. Aligeuka, akamtafuta Zuleica kwa macho.

"Mwanangu, mkimzika leo, mlazeni kama wenzake wanavyosali. Msiufuate ukuta."