Mzunguko wa Tatu

"Je, nilifunga njia ya nne?"

Wazo hilo liliwaka jekundu kwenye kioo mbele ya Dakta Nyemo Chilongani. Lilikuwa la mwongoza treni aliyeketi chumba cha pili. Lilizunguka kichwani mwake mara moja, likarudi mara ya pili. Lilipoanza mzunguko wa tatu, kizimafikra, kidude kama punje ya choroko kilichobandikwa nyuma ya sikio lake, kikatetemeka. Wazo likazimika. Mabega ya yule bwana yakashuka, akaendelea na kazi.

Katika Dodoma ya mwaka 2094 mashine zilifanya kazi bila kulala, na binadamu waliozisimamia walichakaa kwa kuwaza. Su Meilan, mhandisi mwenzake Nyemo kutoka Chengdu, alimwambia kwamba vijana wa kwao wa zamani waliuita uchovu huo *neihao* mitandaoni: mtu amelala kitandani, hajanyanyua hata kikombe, lakini amechoka kama aliyebeba zege kutwa. Nyemo aliuita kulika ndani. Akabuni dawa yake, akawa wa kwanza kuivaa.

Asubuhi hiyo wenzake walikuwa wakisubiri saini yake ili vizimafikra elfu sita vipelekwe kwa wauguzi. Simu ikaita. Alikuwa mdogo wake, Sechelela.

"Dada, baba yuko hospitali. Mapafu. Hawezi kuongea."

"Tangu lini? Mbona hamkuniambia?"

"Tulikuambia, dada. Wiki tatu sasa. Kila mara unasema utakuja."

Nyemo alifungua kumbukumbu za kizimafikra chake. *Baba alikohoa vibaya kwenye simu. Limezimwa.* Akashuka chini kwenye orodha. *Niende nikamwone baba. Limezimwa.* Lilikuwa limezimwa mara thelathini na saba.

Alikibandua kile kidude, kikatoka na unywele mmoja.

"Saini je?" Meilan aliuliza. "Wauguzi wale wanateketea kwa kuwaza, Nyemo. Unajua."

"Najua. Naenda kwa baba."

Njiani mawazo yote yaliyozimwa yalimrudia kwa mkupuo. Akafika wodini. Baba yake alikuwa amefumba macho, mrija wa hewa puani. Nyemo alimshika mkono, akaomba radhi, kisha akaanza kujiuliza kama amesikia. Akajiuliza tena, na tena.

Saa nane mchana muuguzi aliyemaliza zamu alirudi, mkoba begani, macho mekundu. Kitambulisho chake kilisema Mbeleje.

"Samahani, mama. Nilishafika getini, lakini nimewaza njia nzima kama mrija wa mzee niliuweka sawa. Nimeshindwa kuondoka."

Aliinama, akapapasa chini ya godoro. Mrija ulikuwa umejikunja, umebanwa na chuma cha kitanda. Akaunyoosha. Kifua cha mzee kikapanda, kikashuka, kikapanda zaidi.

Nyemo alimgeukia yule dada.

"Huwa unarudi hivi kila siku?"

"Kila siku. Mara nyingi nakuta hakuna kitu. Nikifika nyumbani nako silali, nawaza niliowaacha." Mbeleje alijifuta uso. "Tumesikia tunaletewa vizimafikra. Eti ukivaa unapumzika. Ni kweli, mama?"

Nyemo alimtazama baba yake, kisha akamtazama yeye.

"Ni kweli. Unapumzika sana," alisema. "Ndivyo nilivyopumzika mimi, wiki tatu, baba akiwa hapa."

Mbeleje hakuonekana kuamua kama hiyo ilikuwa ndiyo au hapana. Nyemo naye hakujua. Alichojua ni kwamba leo hatasaini, na kwamba wauguzi hao elfu sita wataamka kesho wakiwa wamechoka vilevile, na yeye ndiye atakayepaswa kuwatazama usoni.

Alisogea kwenye benchi alilokalia kando ya kitanda, akaacha nafasi.

"Keti hapa kidogo. Mrija nitauangalia mimi."

"Mama, siwezi, lazima niende—"

Lakini alikuwa ameshaketi. Kichwa chake kiliegemea ukuta, mkoba ukamteleza mapajani, na kabla hajamaliza kusema anakokwenda alikuwa amelala.

Nyemo aliuokota mkoba, akaushika. Mkono wake mwingine aliuacha juu ya mrija.