Bomba la Ukurasa wa Mwisho

Kila Jumamosi, baada ya kifungua kinywa, Aili Niemi alivaa buti zake akaingia garini na mama yake. Mama yake, Marja, alikuwa mkaguzi wa nyumba mjini Duluth, kwenye baridi ya kaskazini mwa Marekani. Mtu akitaka kununua nyumba, alimwita Marja aikague kwanza na kumwandikia ripoti ya hali yake. Aili alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na hakuna alichopenda kama kuchungulia pale ambapo watu wengine hawachungulii.

Jumamosi hiyo walikagua nyumba ya mbao juu kilimani, iliyokuwa tupu. Mnunuzi, Bwana Tou Vang, alikuwa kazini. Yeye na mkewe walikuwa na mtoto mchanga, na walitaka kuhamia kabla theluji haijaanza.

"Mama, mbona mlango huu unakwaruza sakafu?"

"Nyumba nayo huzeeka, mwanangu. Magoti yake yamelegea."

Aili akacheka, akaendelea kumulika tochi. Aliona rangi iliyobanduka, mkwaruzo wa ukutani uliofanana na bata, kitasa kinachocheza, koki inayodondosha maji. Mwishowe walishuka chumba cha chini, lilipokuwa tanuri la kupashia nyumba joto. Mama alipiga magoti nyuma ya tanuri, akamwita Aili.

"Njoo uone. Bomba la moshi limeachana hapa kwenye kiungo. Tanuri likiwashwa, moshi utabaki humu ndani."

"Si watasikia harufu?"

"Kuna hewa ya sumu ndani yake isiyo na harufu. Mtu hulala, asiamke."

Aili aliinama, akakimulika kiungo kile.

Nyumbani aliomba aandike ripoti yeye. Mama alikuwa na nyumba nyingine ya kukagua alasiri, akamkubalia. Aili aliandika kila alichokiona, kwa mpangilio ule ule waliotembea, mlango hadi mlango. Bomba likaangukia ukurasa wa mwisho, katikati ya utando wa buibui na balbu iliyoungua. Mama aliporudi hoi, aliipitia juujuu, akaituma.

Jumatatu jioni Bwana Vang alipiga simu. Mama alikuwa akikanda unga, kwa hiyo Aili aliiweka simu mezani na kuongeza sauti.

"Dada Marja, asante sana. Ripoti yako imeshiba. Tumemwambia mwenye nyumba arekebishe kitasa, koki na rangi, naye amekubali. Kesho tunatia sahihi."

Aili alimtazama mama yake. "Na bomba?" akauliza.

"Bomba gani?"

Mama alipangusa mikono, akamweleza polepole. Upande wa pili alisikika mtoto akilia kwa mbali.

"Nilisoma mpaka jikoni," Bwana Vang alisema. "Macho yakachoka. Nikadhani yaliyobaki ni yale yale."

Mama alimwomba radhi, na wakakubaliana sahihi isubiri. Kisha akamwita Aili wakae waiandike ripoti upya.

"Basi tufute vile vidogo vyote?" Aili aliuliza, uso umemshuka.

"Koki si inavuja kweli? Ana haki ya kujua. Lakini akifungua ukurasa wa kwanza, akutane na nini?"

"Kinachoweza kumuua."

"Halafu?"

"Kinachoweza kuiharibu nyumba. Halafu vidogo." Aili akafikiri. "Hata ule mkwaruzo wa ukutani uliofanana na bata?"

"Ule ulimfaa nani?"

"Mimi tu," Aili alikiri. "Niliupenda."

Mwenye nyumba alileta fundi, bomba likaunganishwa upya. Mama na Aili walikwenda kulihakiki wenyewe. Tanuri lilipowashwa, Mama alipima hewa chumba kwa chumba, kisha akamwambia Bwana Vang sasa anaweza kutia sahihi.

Walipokuwa wakitoka, Mama alimshika Aili bega.

"Kosa lilikuwa letu sote wawili. Wewe ulimwaga kila kitu, mimi sikusoma vizuri. Macho yako ni makali, mwanangu, usiyafumbe hata siku moja. Ila unapoandika, mfikirie atakayesoma. Jambo kubwa ukilifukia chini ya madogo, ni kama hukulisema."